Jumamosi Isiyo na Moshi

Mjukuu wangu Mercy alinitia vitunguu puani. Sijui nilisemeje jambo hilo kwa adabu zaidi. Nilikuwa nimekaa sebuleni hapa kwetu Kimbo, nachambua maharagwe yangu, yeye akafungua chupa kule jikoni, na ile harufu ya siki ikanifikia kabla hajasema neno. Mikono ikasimama. Maharagwe nikayasahau. Nikawa mtoto tena, miguu mitupu, debe tupu kichwani, nimesimama nyuma ya nyumba ya mzungu kwenye mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika.

"Mercy," nikaita, "nani amekufa?"

"Guku!" Ndivyo sisi Wamaragoli tunavyomwita bibi. "Hakuna mtu amekufa. Natengeneza chakula cha wageni."

Nikaenda kujionea. Alikuwa ametandaza vitu juu ya ubao wa kukatia nyama: mkate, siagi, bonge la jibini, nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, mayai ya kuchemsha yaliyokwisha kupoa, tofaa moja lililopasuliwa, na vile vitunguu vidogo vya siki vinakutazama kama macho ya samaki. Wenzake wa kazini Thika walikuwa wanakuja saa saba. Akasema ameona kwenye simu, ndivyo Waingereza wanavyokula kwenye vilabu vyao vya bia.

"Na moto utawasha saa ngapi?"

"Siwashi, Guku. Hiki huliwa baridi."

Nikamwambia hicho chakula nakijua tangu mama yake hajazaliwa, na kwamba kiliwahi kumwua mzungu mmoja mchana kweupe, kikamfufua kabla bia haijapata moto. Akacheka. Basi nawaandikia nyinyi wa rika langu, ambao mtasubiri hadi mwisho ndipo mcheke.

Baba yangu alikuwa mpishi. Naomba mlisome neno hilo polepole. Hakuwa mtu wa kuchuma kahawa, hakuwa mtu wa kupalilia, alikuwa mpishi, mwenye kofia nyeupe ndefu na aproni iliyopigwa pasi. Tulitoka Maragoli tukiwa wadogo, wakati ule wa hali ya hatari, wenyeji walipohamishwa kutoka kwenye makambi ya shamba na mzungu akatafuta watu wa mbali wa kujaza vyumba vile. Sisi tukavijaza. Kambi yetu ilikuwa chini mtoni na nyumba kubwa ilikuwa juu kilimani, na kati yetu na wao kulikuwa na kahawa, mistari na mistari, na juu ya kahawa uliona kitu kimoja tu cha nyumba ile: bomba la moshi la jiko la baba.

Nataka mjue jinsi tulivyouangalia moshi ule. Asubuhi ukitoka mwembamba, mama anasema, "Baba yenu anachemsha chai." Ukitoka mweusi mwingi, ni nyama ya kuoka, wageni wapo. Watoto wengine walikuwa na baba kwenye kahawa, wangeweza kumwona akiwa ameinama. Mimi baba yangu alikuwa moshi. Nilikuwa nawaonyesha kwa kidole: yule pale, anampikia mzungu.

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kupanda kilimani na debe kwenda kuchukua majivu ya jikoni. Mama alisugulia sufuria na kuchanganyia maharagwe yasiliwe na wadudu. Majivu ya mzungu yalikuwa mazuri sana, laini kama poda, kwa sababu baba alichoma kuni za mti mkavu, si yale mabua tuliyochoma sisi.

Sasa, miezi michache kabla ya siku ninayoisema, baba alikuwa amefanya kosa. Memsahib, mke wa mzungu, alileta jibini kutoka Nairobi lenye mishipa ya rangi ya buluu. Harufu yake, jamani, ilikuwa ya askari aliyevua viatu baada ya wiki ya doria. Baba akajua limeoza, na kwa kuwa alimheshimu memsahib, hakutaka kumwaibisha kwa kumwambia amenunua kitu kibovu. Akampa mbwa. Mbwa akala lote akalala kivulini hadi kesho yake. Memsahib alipoliuliza, nyumba ilitikisika. Bwana mwenyewe akaingia jikoni, na bwana hakuwa mtu wa kuingia jikoni, akamwambia baba, "Mpishi, kosa moja tena, wewe narudi kwenu."

Kwetu kulikuwa na nini? Kipande cha shamba ambacho baba mdogo alikuwa ameshakilima hadi mlangoni. Tangu siku hiyo mama alilala kama mtu anayesubiri kuitwa. Na baba akawa anapika kwa woga, anaonja mara nyingi hadi bwana anapata nusu ya mchuzi.

Kisha akaja mzee. Baba yake memsahib alitoka Ulaya kwa meli, mrefu, amekonda, nyusi kama vifagio vya nyasi kavu. Hakusema na mtu. Alikaa verandani akiangalia kahawa kana kwamba kahawa imemkosea. Kule kambini tukaulizana amekuja kufanya nini, mtu mzee hivyo, baharini kote huko. Hakuna aliyejua, na mambo ambayo hakuna anayejua yalikuwa ndiyo chakula cha jioni cha kambi.

Ijumaa jioni baba alirudi nyumbani bila kofia kichwani. Ameishika mkononi. Akakaa kwenye gogo, hakugusa ugali.

"Memsahib anasema kesho nisiwashe jiko," akasema.

Mama akauliza, "Kwa nini?"

"Ameniambia hivi: 'Mpishi, kesho hapana washa moto. Mimi nafanya chakula mwenyewe.'"

Mama aliweka bakuli chini taratibu. Mimi nilikuwa mtoto lakini nilielewa kama mkubwa. Mpishi akiambiwa asiwashe moto, basi huyo amebakiwa na kofia tu.

"Labda ni siku moja," mama akasema.

"Labda," baba akasema, kwa sauti ya mtu ambaye haamini.

Jumamosi ikafika. Nikaamka nikaangalia kilimani. Hakuna moshi. Wamama walikuwa mtoni wanafua, na mmoja baada ya mwingine wakainua macho, wakatazama pale juu, wakarudi kufua kimya. Mama Trufosa ndiye aliyesema. Mama Trufosa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ambayo ikiitwa kwenye msiba, hata wafiwa waliokwisha nyamaza walianza upya. Akauliza, "Mama Zakayo, leo kule juu kuna nini?" Zakayo ni kaka yangu mkubwa. Mama akajibu, "Kuna nini?" na akasugua nguo ikatoboka.

Lakini mimi nilitumwa majivu kama kawaida. Nikapanda na debe. Nikafika mlango wa jikoni nikamkuta baba amekaa kwenye ngazi, kofia gotini, macho mekundu, machozi yanashuka hadi kwenye masharubu. Pembeni yake kulikuwa na kisu na vitunguu vibichi vilivyokatwakatwa, lakini mimi vitunguu sikuviona. Niliona machozi. Baba yangu, ambaye hakulia hata alipoangukiwa na mlango wa stovu mguuni!

"Baba, majivu."

"Hakuna majivu, mama. Hakuna moto." Akapenga kamasi. "Mwambie mama yako aanze kufunga vitu."

Nikazunguka nyumba. Sijui kwa nini nilizunguka, watoto huzunguka tu. Nikachungulia veranda kupitia kwenye maua. Na pale, wenzangu, niliona kwa macho haya haya.

Palikuwa na meza ndefu. Juu ya meza kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande huu shuka ilikuwa imeinuka mviringo, kama kichwa. Katikati palikuwa na kifua na tumbo. Na kule mwisho vilikuwa vimesimama viwili, sambamba, kama miguu ya mtu aliyelala chali. Maua yalikuwa kando, ndani ya gilasi. Memsahib alikuwa amesimama pale anapangusa macho kwa kitambaa. Yule mzee alikuwa kitini, kofia kifuani.

Niliteremka ule mlima nikiwa nimeacha debe langu huko huko.

Mimi sikusema mtu amekufa. Hili nalisema hadi leo, na Mercy ni shahidi kwamba nalisema. Mimi nilisema nilichoona. Nilimwambia mama hakuna moto, baba analia, tufunge vitu, na mezani kuna kitu kirefu chini ya shuka, na memsahib anapangusa macho. Walioniuliza nilijibu.

"Na bwana umemwona?" akauliza Mama Trufosa.

"Bwana sijamwona."

Wamama wakashika vichwa.

"Ndiyo maana yule mzee alitoka Ulaya," mama akasema polepole, na nikaona mambo yote yanapangika usoni mwake. "Bwana alikuwa mgonjwa. Walituficha. Mzee amekuja kuzika."

"Na shamba litauzwa," mwingine akasema.

"Ndiyo maana Baba Zakayo anasema tufunge vitu!"

Sasa nyinyi wa kwetu mnajua. Nyumba iliyofiwa haiwashi moto wa kupika. Mwenye msiba hapiki, majirani ndio wanaleta chakula, na kinaletwa kikiwa cha moto, kwa sababu aliyefiwa ana baridi ya kutosha. Hakuna aliyeuliza kama wazungu nao wanafanya hivyo. Jiko lilikuwa limezimwa, tungehitaji barua? Mama alikamata jogoo wake mmoja tu, yule mwekundu aliyekuwa amemwekea mchungaji, akamchinja. Mwingine akasonga ugali. Mwingine akachukua mzigo wa kuni. Mama alisema kitu ambacho sijakisahau: "Bwana alikuwa mtu mgumu, lakini mkewe asije akasema watu wa Maragoli walikaa kwao wakila na yeye amelala na maiti." Na baadaye, kwa sauti ya chini, "Na labda akituona, atamwacha Baba Zakayo na kazi."

Tukapanda. Mbele Mama Trufosa, nyuma wamama wote wa kambi, sufuria vichwani, na sisi watoto mkiani. Tulipofika kwenye maua, Mama Trufosa akavuta pumzi, akafungulia. Uuuwi! Bwana wetu! Umetuachia nani! Mbwa alijificha chini ya gari. Kunguru waliruka kutoka kwenye miti. Siku zile mzungu akisikia kelele za watu wengi karibu na nyumba alishika bunduki, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba wakati ule bwana alikuwa stoo, ndani kabisa, anatafuta bia.

Mama Trufosa hakusimama kwenye ngazi. Aliingia veranda akiwa ameshanyoosha mikono, akajitupa juu ya meza kumkumbatia marehemu.

Kichwa kikabonyea. Kilikuwa mkate, wa mviringo, mkubwa. Kifua kikateleza kikaanguka chini, kilikuwa nyama ya nguruwe na jibini. Miguu, chupa mbili za vitunguu, ikapinduka na kumwaga siki mezani na kwenye gauni la Mama Trufosa, na vitunguu vidogo vikaviringika veranda yote kama goroli. Mama Trufosa akainuka na shuka mkononi, siagi kifuani hadi shingoni, akaangalia alichokuwa amekikumbatia, akanyamaza. 

Na hapo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka marehemu mwenyewe, mzima, amebeba chupa za bia kwapani.

Nawaambia mlima ule ulishukwa! Wamama waliokuwa wamebeba ugali walikimbia na ugali. Mmoja alipita katikati ya kahawa kama nguruwe mwitu. Bwana naye, alipoona watu wanapiga mayowe wakimwangalia yeye, akapiga yowe pia, na bia zikaanguka. Mbwa akatoka chini ya gari, akachukua jibini, akaenda zake. Huyo ndiye peke yake aliyejua alichokuja kufanya.

Mama yangu hakukimbia. Alibaki pale na sufuria ya jogoo kichwani, mimi nimeshika nguo yake. Baba akatoka jikoni mbio, kofia mkononi.

"Mpishi! Nini hii?" bwana akanguruma.

"Bwana, wamekuja kukulilia."

"Kulilia nini?"

"Umekufa, Bwana."

"Nani nasema mimi nakufa?"

Baba akatuangalia, akaangalia bomba lake la moshi, akanyoosha mgongo. Nilimwona akiamua. "Jiko, Bwana. Jiko limesema. Kwetu moto hauzimwi mpaka kuna maiti. Na mimi, kama nimefukuzwa, bora niambiwe nimefukuzwa, nisinyang'anywe moto mbele ya watoto wangu."

Bwana akageuka kumtazama mkewe. Memsahib alikuwa ameketi chini kwenye ngazi, mikono usoni, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka. Nafikiri vyote viwili. Aliposema, alisema Kiswahili chake kile cha kuvunja kuni.

"Hapana fukuza, Mpishi. Hii chakula ya baba yangu. Nyumbani yeye nalima, halafu nakula hii kwa kilabu na mama yangu, kila Jumamosi. Sasa mama yangu nakufa. Kule Ulaya. Mimi nataka fanya kama mama nafanya, na mkono yangu."

Baba akamgeukia mama, akamtafsiria kwa lugha yetu: mama yake memsahib amekufa, huyu mzee ndiye mume, na hiki chakula ndicho walichokuwa wakila pamoja.

Nilitegemea mama aone aibu. Uso wake ukang'aa.

"Si nilisema!" akasema. "Maiti yupo! Tumekosea mtu tu!"

Akageukia kahawa, akaita, "Mama Trufosa! Rudini! Ni mke wa mzee!"

Wakarudi mmoja mmoja, wakichungulia kwanza kama bwana ni mtu au ni nini. Mama Trufosa akarudi na siagi yake. Akamwangalia yule mzee, akauliza jina la marehemu, memsahib akalitaja, jina fupi la kizungu ambalo Mama Trufosa aliligeuza likawa refu na zuri. Na akamlilia. Safari hii hakupiga kelele. Alimlilia mama yule ambaye hakumjua, akamwuliza amemwachia nani mzee wake, nani atamkatia mkate. Mzee hakuelewa hata neno moja. Akasimama, kofia mkononi, na zile nyusi zikaanza kutetemeka. Memsahib alisema baadaye, baba akatueleza, kwamba mzee hakuwa amelia tangu mazishi.

Kisha mama akatua sufuria. Firigisi ya jogoo ni ya mwanamume mwenye heshima, na mama akaiweka mbele ya mzee, akampita bwana aliyekuwa akiingoja. Mzee akala. Akala ugali kwa mkono, vibaya, kama mtoto, lakini alimaliza. Sisi tukaokota vitunguu. Mama Trufosa alionja akatema kwenye maua. Mama yangu alionja, akafunga jicho moja, akachukua kingine. Siku ile alishuka mlima na chupa nzima aliyopewa, na hadi anakufa alikuwa na chupa ya vitunguu vya siki chini ya kitanda chake, anakula kimoja akiwa amekasirika.

Msinielewe vibaya. Hatukuwa ndugu kwa sababu ya jogoo. Jumatatu kengele ililia gizani na watu waliamkia kahawa kama kawaida, na bwana alikuwa bwana. Ila memsahib alitoa amri moja ambayo haijapata kutolewa katika shamba lolote. Mzee alikaa hadi mvua, na kila Jumamosi alikula chakula chake cha baridi, akikatiwa na mwanawe. Na kila Jumamosi hiyo, Mpishi alitakiwa awashe jiko. Hapiki kitu. Awashe tu, watu wa chini waone.

Baba aliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko nyama ya kuoka. Alitafuta kuni mbichi kidogo, zenye moshi mweupe mnene. Alivaa kofia, akakunja mikono, akasimama mbele ya stovu tupu kama mtu mwenye kiwanda. Na mimi nikiwa mtoni nikanyoosha kidole: yule pale.

Basi wageni wa Mercy walikuja, vijana wazuri, wakala vitu vyao kwenye ubao wakisifu jibini. Mimi nikatoka nje kwenye ua, nikatafuta vijiti na gunzi la mahindi, nikawasha jiko langu la zamani. Sikubandika kitu. Moshi ukapanda, ukavuka ukuta wa jirani, na jirani akachungulia, yule mwanamke wa Kikuyu ambaye hakosi neno.

"Cucu," akaniita, yaani bibi kwa lugha yao, "leo mnapika nini?"

"Hatupiki."

"Sasa moshi wote huo ni wa nini?"

"Ni wa kuwaambia tuko wazima wote," nikasema, nikaongeza gunzi.